Neno Alilolimeza Mwenyekiti wa Maji

Ndugu zangu, kijiji nitakachowasimulia kipo huko Chemba, na jina lake sitalitaja kwa sababu wenyewe wapo na aibu yao bado mbichi. Kina shule, kina kanisa dogo na msikiti mdogo zaidi, kina korongo la mchanga linalopitisha maji siku chache za mvua kisha likakauka. Na kina kisima kirefu chenye pampu ya sola, ambacho ndicho kisa chenyewe.

Asubuhi za kijiji hicho zilikuwa nzuri. Jua likipanda, pampu ilianza kuunguruma chini kwa chini, tanki likajaa, na kina mama wakafika kilulani, pale penye koki za kuchotea, na ndoo zao. Walichota huku wakitaniana, huyu akimwambia yule kwamba mumewe ananenepa kwa maji ya bure. Zamani mabibi zao walifukua mchanga wa korongo kwa kata, wakakaa chini kusubiri maji yajikusanye kidogo kidogo, na mara nyingine wakagombana na punda. Sasa mtu alifungua koki tu, maji yakatoka maangavu, baridi, hayana tope wala harufu. Nani asingeshukuru?

Aliyeshukuriwa kuliko wote alikuwa Damiani. Kisima kilichimbwa kwenye shamba lake, naye alilitoa bila kudai chochote, kwa hiyo wenzake wakamchagua kuwa mwenyekiti wa jumuiya ya watumia maji. Tangu hapo hakuitwa tena kwa jina. Alikuwa Mwenyekiti, hata kwa watoto. Kiswahili cha mikutano alikijua kuliko wengi pale, na wageni walipokuja yeye ndiye aliyewafasiria wazee kwa Kisandawe, lugha yao ile yenye vidoko, milio ya ulimi kugonga kinywani, ambayo mgeni akiisikia hudhani watu wanaonja ndimu. Alikuwa mtu mwema. Nasema hivyo mapema, kwa sababu mbele ya safari mtataka kumchukia.

Siku moja akaja mtaalamu wa maji, binti aitwaye Elieth, aliyekuwa amechukua maji ya kisima kwenye chupa kwenda kuyapima. Alileta majibu. Watu walikusanyika mbele ya ofisi ya kijiji, na gari lake lilikuwa linanguruma pembeni kwa sababu siku hiyohiyo alitakiwa vijiji vingine.

"Ndugu wananchi," alisema, "majibu ya sampuli yametoka. Kwa upande wa vimelea, chanzo chenu hakina tatizo. Ila floraidi imezidi kiwango cha juu kinachokubalika kwa maji ya kunywa. Kwa hiyo, wakati tunasubiri teknolojia ya uondoaji au chanzo mbadala, jamii ichukue tahadhari, hasa kwa watoto wadogo."

Kisha akamgeukia Damiani. "Mwenyekiti, tumeelewana?"

Floraidi. Damiani hakuwahi kulisikia neno hilo tangu azaliwe. Mengine aliyashika, huku na huku, lakini lile la katikati ndilo lililobeba mzigo wote, nalo lilimpita. Akafungua kinywa aulize. Papo hapo akaona macho ya wazee yamemtazama, wanasubiri kama kawaida yao awaeleze. Akamwona na Nathanaeli, jirani yake aliyegombea naye uenyekiti akashindwa, amesimama amekunja mikono. Uso ukamwaka joto. Mwenyekiti wa maji aulize jambo la maji mbele ya watu wake?

"Tumeelewana kabisa, mtaalamu," alijibu.

Akawageukia wazee, akasema kwa Kisandawe, "Anasema maji yetu ni mazuri. Yana vidudu vidogo tu. Tuyachemshe, hasa ya watoto. Tuyachemshe sana."

Kina mama wakapiga vigelegele. Elieth alivisikia, akaamini ujumbe umefika salama, akapanda gari akaenda zake. Alikuwa na haraka, naye pia simsamehe haraka ile. Watu walipoanza kutawanyika, bibi mmoja akabaki amesimama. Huyo alikuwa Evodia, mama mzazi wa Damiani.

"Lile neno refu alilolisema yule binti," bibi aliuliza, "ndilo jina la hivyo vidudu?"

"Ndilo, mama."

"Basi niacheni mimi na maji ya baba yako."

Watu wakacheka. Walikuwa wamezoea. Mumewe bibi Evodia, kabla hajafa, alikuwa na kisima chake cha mchangani kule korongoni, alichokizungushia miiba ili mifugo isikivuruge. Akiwa kitandani alimwomba mkewe asikiache kikafukiwa. Basi kila alfajiri bibi alishuka na kata yake ya kibuyu, akafukua mchanga ulioporomoka, akajaza dumu moja, akapanda. Hakuyasusia maji ya kisima kwa sababu ya elimu yoyote. Alikuwa anatimiza wosia wa mumewe, basi.

Tena bibi hakuishi peke yake. Damiani na mkewe, Marselina, walikuwa na mabinti wawili. Emiliana, wa kwanza, alizaliwa mwaka uleule pampu ilipowekwa. Wa pili, Editha, alipoachishwa ziwa alipelekwa kwa bibi, kama ilivyo desturi, mjukuu ampunguzie bibi upweke na kumpulizia moto. Nyumba ya bibi ilikuwa ng'ambo tu ya shamba, mtu akiita anasikika. Kwa hiyo watoto wale walicheza pamoja kutwa nzima, ila kila mmoja alikula na kunywa kwake.

Marselina alikuwa mama wa kupigiwa mfano. Alipoambiwa achemshe sana, alichemsha sana. Sufuria yake kubwa haikutoka mafigani. Maji yakipungua, aliongeza, yakichemka yakapungua tena, aliongeza tena, na kikombe cha Emiliana kilitoka humo asubuhi, mchana na jioni. Chini ya sufuria palijenga gamba jeupe. Alilikwangua kwa kisu, akawaonyesha majirani. "Mnaona uchafu? Wote umebaki huku." Majirani nao wakaenda kuchemsha zaidi. Mlenda wake aliupika kwa magadi ukateleza vizuri, kwa maji yale yale, na mwanawe alikuwa anaupenda mlenda kuliko nyama.

Nikifika hapa kwenye kisa hiki huwa nasimama kidogo. Mwanamke yule alikuwa anampenda mtoto wake, na kila kikombe alichompa kilikuwa kinamdhuru. Aliyejua kwamba ushauri ule ulikuwa wa kubuni alikuwa anakula ugali meza moja naye.

Meno ya Emiliana ya ukubwani yalipoota, yalitoka na madoa ya kahawia. Watu hawakushtuka, kwani meno ya namna hiyo yapo sehemu nyingi za huko. Lakini miguu ilikuwa imekwisha kuanza kuharibika. Kwanza magoti yalipishana kidogo akitembea. Mwaka uliofuata yakapinda kwenda nje, matege makubwa, na akisimama muda mrefu alilia kwamba mifupa inamchoma. Marselina alimkanda kwa mafuta ya alizeti. Alimfunga vitambaa. Alimwongezea maji ya kunywa, eti damu itembee.

Na hakuwa Emiliana peke yake. Mtoto wa Nathanaeli alipinda. Wa mwalimu alipinda. Kilulani utani ukapungua. Kina mama walichota kimya, kila mmoja akiangalia magoti ya mtoto wa mwenzake na kuyahesabu moyoni.

Editha peke yake alinyooka. Alikuwa mdogo kwa dada yake lakini alimpita kimo, anaruka kamba, anakimbia korongoni na kurudi, na akicheka unaona meno meupe. Palipo na watoto waliopinda, mtoto aliyenyooka huwa kosa.

Nadhani mmeshajua kilichofuata. Sisi watu tukikosa sababu, huwa tunatafuta bibi kizee.

Nathanaeli alikuja mchana kweupe na wanaume wenzake, wakakaa kwenye kivuli cha ghala la Damiani. Hakuja kwa ugomvi, alikuja na uchungu wa mzazi, na huo ni mbaya zaidi.

"Mwenyekiti," alisema, "watoto wa kijiji kizima wanapinda. Anayelelewa na mama yako amenyooka kama mpini. Tuambie wewe, ni kwa nini?"

Sikilizeni vizuri hapa. Kabla Damiani hajajibu, jibu lilimpitia kichwani. Editha anakunywa maji ya korongoni. Lilikuja lenyewe, wazi, kama mtu aliyebisha hodi na kuingia. Damiani aliliona. Aliona pia kwamba akilifuata litamrudisha hadi mbele ya ofisi ya kijiji, siku ile, kwenye swali alilolimeza. Akalifukuza.

"Sijui," alisema.

"Sisi tunajua," alisema mwanamume mwingine. "Amechukua miguu ya watoto wetu akampa mjukuu wake. Na kule korongoni anakwenda kila alfajiri kufukua nini, wakati maji yapo hapa bombani? Aondoke, Mwenyekiti. Sisi hatutaki damu. Aondoke tu."

Jioni ile Damiani alikwenda kwa mama yake. Bibi Evodia alikuwa anapepeta uwele, na hakuacha kupepeta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimeshasikia. Sema ulichokuja kusema."

"Ukakae kidogo kwa Joha, kule Kondoa, mpaka maneno yapoe." Joha alikuwa binti wa dada yake Damiani, aliyeolewa na mfanyabiashara mmoja Mwislamu aitwaye Abuu.

"Wewe unaamini?"

Damiani akautazama ungo.

"Nimekuuliza, Damiani."

"Watu wana hasira, mama."

"Watu sikuwauliza."

Upepo ukapeperusha makapi, yakamwingia Damiani machoni, naye akashukuru kupata sababu ya kuyafuta. Bibi aliweka ungo chini.

"Kisima cha baba yako nani atakifukua?"

"Mimi, mama."

"Haya," alisema bibi, akaingia ndani kufunga vitu vyake. Kesho yake alipanda basi la Kondoa. Editha alilikimbilia basi mpaka vumbi lilipomshinda, akarudishwa nyumbani kwa mama yake akiwa amebebwa.

Damiani hakukifukua kile kisima hata mara moja. Ndipo kelele zikaanza. Alfajiri, akiwa bado kitandani, alisikia kata inakwangua mchanga kule korongoni. Kwaru. Halafu kimya, kama mtu anayesubiri maji yajikusanye. Kwaru. Alimtikisa Marselina. "Unasikia?" Marselina alisikiliza, akasema hasikii kitu zaidi ya jogoo. Siku ya pili ikawa vilevile, na ya tatu. Alijifunika shuka kichwani, kelele zikaja hadi ndani ya shuka. Akaanza kuogopa kukucha. Mtu mzima, mwenyekiti, anaomba kimoyomoyo jua lichelewe.

Asubuhi moja akashindwa kuvumilia, akashuka korongoni. Miiba ilikuwa imelala chini, ng'ombe wamepita juu yake. Na pale kisimani aliona kitu kimeinama kinafukua. Alirudi hatua moja nyuma. Kisha kile kitu kikainua kichwa, kumbe ni Editha, ana mchanga hadi viwikoni.

"Unafanya nini hapa?"

"Bibi alisema kisifukiwe," alijibu mtoto. "Lakini kinashuka, baba. Nikitoa, kinashuka tena."

Alimshika mkono akampandisha, akamkataza kurudi. Alijiambia kwamba basi, ndizo kelele alizokuwa akizisikia, ni mtoto tu. Usiku huo Editha alilala amefungiwa mlango. Alfajiri kata ikakwangua kama kawaida.

Tangu hapo Editha akawa anakunywa ya nyumbani, ya sufuria. Mwaka ukapita na mwingine, meno ya mbele ya utoto yakang'oka, kama yanavyong'oka kwa kila mtoto, na mapya yakaota. Mchana mmoja alikuwa amekaa kizingitini anakula karanga, dada yake akamchekesha, akacheka kwa kinywa kizima. Damiani alikuwa anatengeneza mpini wa shoka. Aliinua macho, akaona kwenye jino lile jipya mstari mweupe wa chokaa, na chini yake doa la kahawia linaanza.

Bibi alikuwa Kondoa. Nani, basi, aliyekuwa anamroga Editha?

Kesho yake aliuza mbuzi akawapeleka mabinti wote wawili hospitali Dodoma mjini. Daktari, jina lake William, hakumtazama Emiliana miguu kwanza. Alimwambia afungue kinywa, akatazama, akamwambia na Editha afungue.

"Maji mnayokunywa yanatoka wapi?"

"Kisima kirefu," alisema Marselina kwa haraka, "maji safi kabisa, daktari. Na mimi nayachemsha. Sufuria haishuki motoni."

Daktari akaweka kalamu chini. Alisema taratibu, kama mtu anayechomoa mwiba.

"Mama, ukiacha mchuzi wa chumvi motoni, maji yakapungua, chumvi inapungua?"

"Haipungui. Mchuzi unakuwa mkali."

"Kuna madini yanaitwa floraidi. Yanatoka kwenye mawe ya chini, yanayeyuka kwenye maji, huwezi kuyaona wala kuyanusa. Kidogo hayadhuru. Yakizidi yanaharibu meno ya mtoto na kupinda mifupa yake. Moto unaua vidudu, ila hayo hauyaondoi. Ukichemsha sana unayakoleza. Na magadi nayo huwa nayo, yanaongeza. Sasa, nani aliyewaambia mchemshe hivyo?"

Marselina alimgeukia mumewe ili amkumbushe maneno ya yule mtaalamu. Damiani alikuwa anatazama sakafu. Mke aliyeishi na mtu miaka mingi hahitaji kuambiwa jambo mara mbili, na saa nyingine hahitaji kuambiwa hata mara moja. Alijivuta kwenye benchi, akawakumbatia watoto wake wawili, akalia bila sauti.

Daktari alieleza mengine. Wavune maji ya mvua. Ya korongoni yafaa, ila hayo ndiyo ya kuchemshwa, yakitokota tu yatolewe. Ya kisima waoge na kufulia. Editha amewahi. Emiliana atahitaji kupasuliwa mifupa, pengine zaidi ya mara moja, na wasitegemee itanyooka yote.

Ndugu zangu, mngedhani mtu akishaambiwa hivyo anarudi kijijini anakimbia, anapiga kengele ya shule. Damiani alirudi, akazibua kisima cha baba yake mwenyewe kwa mikono yake, akachota maji ya nyumbani kwake. Kwa nyumba nyingine akanyamaza.

"Waambie watu," alisema Marselina.

"Nitawaambia."

"Lini?"

"Nikisema leo, wataniuliza kwa nini nilimfukuza mama. Watanichoma mimi, Marselina."

"Na watoto wao?"

"Nitawaambia. Acha nitafute namna."

Aliitafuta namna mavuno yakapita, mvua zikaja. Kila asubuhi alipita kilulani akiwa na dumu la maji ya korongoni amelifunika kwa gunia, akaona vikombe vikipelekwa vinywani mwa watoto, akasalimia, akapita. Sasa hakuwa tena mtu asiyejua. Kelele za kata zilikoma tangu alipokifukua kile kisima, lakini hakupata raha, maana sasa alisikia sauti nyingine za kweli, sufuria zikitokota kwenye kila jiko alilolipita, nazo kuzifukuza hakuweza. Kwenda Kondoa kumwomba mama yake msamaha alikupanga mara nyingi. Akaona kwanza atafute namna.

Bibi Evodia hakumsubiri. Alikufa kwa homa ya siku chache, na Joha na Abuu wakamleta nyumbani kwa gari dogo la mizigo.

"Kila basi likitoka huku alikuwa anauliza kama kile kisima kinafukuliwa," Joha alimwambia Damiani walipokuwa wanalishusha jeneza. "Mwanzo nilikuwa namdanganya kwamba kinafukuliwa. Baadaye akaacha kuuliza."

Hakuna aliyekuja kuchimba kaburi. Katekista alituma salamu kwamba ana homa, na siku hiyo homa ilimshika kila mwanamume wa kijiji. Kaburi la mama yake Damiani lilichimbwa na Damiani pamoja na Abuu, Mwislamu wa watu aliyetoka Kondoa na jembe lake, huku wabatizwa wote wakiwa majumbani.

Lakini jeneza lilipofikishwa kaburini, palepale shambani, watu walitokea. Walisimama mbali, kwenye mpaka wa shamba, kina mama wakiwa na watoto mgongoni na vikombe vya kuwanyweshea mkononi. Hawakuja kuzika. Walikuja kuhakikisha kwamba anafukiwa chini kabisa. Mmoja akatema mate. Nathanaeli akapaza sauti kutoka kulekule, "Chimbeni zaidi! Asije akarudi!"

Damiani alikuwa ndani ya kaburi, anapokea jeneza. Alipanda juu akasimama ukingoni, udongo umemjaa mwilini. Marselina alikuwa anamtazama. Hakumwambia kitu, na nadhani hiyo ndiyo iliyomsukuma.

"Sogeeni," alisema kwa Kisandawe. "Sitasema kwa kupiga kelele mbele ya mama yangu."

Wakasogea hatua chache.

"Yule binti wa maji hakusema vidudu. Alisema kuna kitu kimezidi kwenye maji yetu, akakitaja jina, na mimi jina lile sikulijua. Niliona haya kumwuliza mbele yenu. Nikabuni. Kuchemsha nilikubuni mimi."

Hakuna aliyejongea.

"Nilikwenda kwa daktari. Ndicho kinachopinda watoto. Kinatoka chini na maji. Moto haukitoi, unakizidisha. Editha alinyooka kwa sababu alikunywa ya korongoni na mama yangu. Mama yangu hakuchukua mguu wa mtu. Mlimfukuza kwa sababu yangu, na mimi nilijua, nikamfukuza pamoja nanyi."

"Umejua tangu lini?" aliuliza Nathanaeli. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Tangu kabla ya mvua."

Wengi walidhani Nathanaeli atamrukia. Hakumrukia. Alitazama nyumba yake kule ng'ambo ya shamba, ambako moshi wa jikoni ulikuwa unapanda.

"Wangu wa mwisho ana miaka miwili," alisema. "Sasa hivi yuko na dada yake. Anamnywesha uji."

Akageuka akakimbia. Ndipo wengine nao wakaelewa. Mama mmoja alikipokonya kikombe kinywani mwa mwanawe, akakitupa, akakimbia. Wote wakakimbia, wazee kwa vijana, kanga zikidondoka njiani, na muda si muda zikasikika sufuria zinamwagwa, nyumba hadi nyumba, maji ya moto yakivuma kwenye majivu. Kijiji kizima kilikuwa kinalia, na kaburini hapakubaki mtu ila wenye msiba.

Damiani alianza kufukia. Abuu alitaka kumsaidia, akamwomba amwachie. Emiliana alijikokota kwa magoti yake yaliyopinda, akachota udongo kwa viganja, akamwaga, akachota tena. Editha akaja upande wa pili. Walimfukia bibi yao wao wenyewe, na jua lilipotua walikuwa bado hawajamaliza.

FUNZO

Wapenzi wangu, huenda mtasema kisa hiki ni cha maji. Ni cha maji kweli, na mshike haya: maji maangavu si lazima yawe salama, moto huua vidudu lakini hauondoi madini, na anayejua kilichomo kwenye kisima chenu ni aliyeyapima maji yake. Mkiletewa majibu, msiondoke mkutanoni mpaka kila neno limefafanuliwa kwa lugha ambayo bibi wa nyumba ya mwisho anaielewa. Nanyi wataalamu wetu, zimeni gari. Msiulize "tumeelewana?" mkaridhika na ndiyo. Mwambieni mtu arudie kwa maneno yake, mtaona alichobeba.

Lakini kisa hiki ni cha aibu zaidi. Wazee walisema mficha uchi hazai, na Damiani alificha ujinga wa neno moja tu, jambo ambalo lingemgharimu kicheko cha Nathanaeli kwa jioni moja. Akalipa kwa miguu ya mwanawe. Kisha alipokwisha kujua, akaficha mara ya pili, na hapo hakuna mwenye kumtetea, wala mimi.

Na sisi tulio wengi tusijifanye wasafi. Mtoto akiugua tusikimbilie kumtazama bibi kizee machoni. Tulitazame jiko letu, maji yetu, na midomo yetu. Aliyenyooka kati ya waliopinda mwulizeni anaishi vipi, kabla hamjamwuliza amemroga nani. Bibi Evodia angeulizwa, angejibu kwa sentensi moja, maana hakuwa na siri yoyote. Hakuna aliyemwuliza, na sasa hata tukiuliza kijiji kizima kwa sauti moja, hawezi kutujibu.